Nahodha Hore, Mtunza Vyombo wa Ziwa Tanganyika

Ndugu zetu askari na polisi washikao zamu katika barabara itokayo Bujumbura kupitia Kabezi hadi Rumonge wanalijua vema jiwe la Mugere. Jiwe hilo lawakumbusha wapita njia habari za David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliofika hapo mwezi wa Novemba 1871 walipokuwa wakichunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wasafiri hao wawili walikaa siku chache, wakathibitisha kwamba mto unaingia, kisha wakaondoka. Majina yao yamechongwa, na watoto wetu huyasoma shuleni.

Lakini yuko mtu mwingine, asiye na jiwe katika ufuko huu, ambaye habari zake zawafaa zaidi wale waliokabidhiwa magari, pikipiki na maboti ya umma. Yeye hakuja kupita. Alikuja ili ziwani kiwepo chombo kitembeacho leo, kiwezacho kutembea kesho, na chenye mahali pa kutengenezwa siku kitakapoharibika. Jina lake ni Edward Coode Hore, na katika historia ya Ziwa Tanganyika ajulikana zaidi kwa jina la Nahodha Hore. Kwa muda wa miaka ipatayo kumi alikuwa mkuu wa vyombo, wa bandari, wa ghala na wa karakana, kazi ambayo siku hizi katika mashirika ya usafiri wa umma hupewa mkurugenzi wa matengenezo. Tunayasimulia maisha yake leo kwa kuwa yanafundisha jambo ambalo twalisahau kila tupokeapo gari jipya: kununua chombo ni kazi ya siku moja, kukitunza ni kazi ya maisha.

BAHARIA AENDA BARA

Hore alizaliwa Uingereza mwaka 1848. Aliingia katika kazi ya bahari, akahudumu katika merikebu za biashara hata akapata cheti cha unahodha. Huko ndiko alikojifunza kwamba nahodha hupimwa kwa hali ya chombo chake wakati wa shwari, kwa kuwa dhoruba ikisha kuja hapana nafasi tena ya kutafuta kamba wala ya kuziba tundu.

Mwaka 1877 Chama cha Misheni cha London kilimchukua katika msafara wa kwanza wa kwenda Tanganyika. Tajiri mmoja wa mji wa Leeds, Robert Arthington, alikuwa ametoa pauni 5,000 ili misheni ifunguliwe kando ya ziwa na chombo kiwekwe majini. Fedha ilikuwapo, na nia ilikuwapo. Wakubwa wa chama waliona mapema kwamba fedha haipandishi tanga, wala nia haizibi ufa. Kwa hiyo pamoja na wahubiri wakampeleka baharia.

Msafara uliondoka Saadani mwaka 1877 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama yatumikavyo Afrika ya Kusini. Magari hayo yalikuwa mazuri katika nchi yake. Katika nchi hii yalikutana na ndorobo, na ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine. Wasafiri wakalazimika kuyaacha magari na kutafuta wapagazi. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza alilolipata Hore juu ya usafiri wa Afrika, naye hakulisahau: chombo kisichochaguliwa kwa kuiangalia njia, hali ya hewa na maradhi ya mahali huwa mzigo juu ya mizigo.

Walifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878, zaidi ya mwaka mmoja tangu kuondoka pwani. Mkuu wao wa njiani, J. B. Thomson, alifariki kabla mwezi haujatimia. Mwenzao Dodgshun aliwasili Machi 1879, akafariki baada ya siku chache tu. Katibu wa chama, Joseph Mullens, aliyetoka Uingereza kuja kuwasaidia, naye alifia njiani mwaka huo huo. Kando ya ziwa wakabaki Hore na Walter Hutley, fundi wa kujenga nyumba. Watu wawili, mbali na nyumbani kwao, kati ya watawala wa Ujiji chini ya Mwinyi Heri waliowatilia shaka. Mji ulikuwa soko la pembe na la watumwa, na wageni wasiofanya biashara hiyo hawakueleweka.

CHOMBO CHA KWANZA

Katika hali hiyo mtu mwingine angeliketi kungoja stima itoke Ulaya. Hore hakungoja. Alikitwaa chombo cha wenyeji wa ziwa, akakitengeneza upya, akakiwekea tanga kwa kadiri ya ujuzi wake, akakiita Calabash, yaani Kibuyu. Mafundi na wavuvi wa Ujiji walilijua ziwa lao kwa vizazi vingi. Yeye alijua matanga na kamba za bahari kuu. Elimu hizo mbili zikakutana katika chombo kimoja.

Yatupasa kueleza hapa kazi ya kutunza chombo cha mbao ziwani, maana wengi wetu tumezaliwa katika zama za chuma na fibaglasi. Maji ya ziwa hayana mdudu wa bahari atobowaye mbao, na hiyo ni nafuu. Lakini jua hukausha ubao ulio juu ya maji, ubao ukasinyaa, maungo yakaachana. Hapo mbao hukalafatiwa, yaani nyuzi za pamba hupigwa kwa tindo na nyundo katika kila mwanya, kisha hupakwa mafuta. Asiyefanya hivyo kwa wakati hufanya kazi nyingine, ya kuteka maji ndani ya chombo usiku na mchana. Kamba nazo huoza kwa unyevu, na tanga likikunjwa likiwa bichi huota ukungu. Wakati wa kusi mawimbi ya Tanganyika huinuka kama ya bahari, na ubovu ambao mwenyewe aliufumbia macho ufukoni humfumbua macho yeye katikati ya maji.

Kwa Calabash Hore alizunguka sehemu kubwa ya ziwa. Mwaka 1879 alifika Lukuga, upande wa magharibi, mahali palipowatatiza wachunguzi waliomtangulia. Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876 waliukuta mlango huo umezibwa na matete na takataka za maji. Hore aliukuta umefunguka, na maji yakitoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Baadaye aliandika habari za makabila ya kando ya ziwa, Warundi wakiwamo.

Jambo la Lukuga halikuwa la wanajiografia peke yao, bali lilimhusu kila mwenye chombo. Mlango ulipofunguka, maji yalianza kushuka, na kati ya miaka ya 1878 na 1894 yalishuka kwa kadiri ya mita 10. Hore alikuwa akitazama kushuka huko huko Ujiji na kukuandika. Alitambua kwamba mahali pa kuegesha leo patakuwa mchanga mkavu kesho, na kwamba gati lisilojengwa kwa kuyajua maji ni hasara. Sisi wa ufuko huu twalijua jambo hilo kwa upande wake wa pili. Maji yalipanda sana mwaka 1964, yakapanda tena mwaka 2021 na mwaka 2024, yakaingia katika nyumba za watu wa Gatumba na Rumonge. Ziwa ni lile lile. Anayejenga kando yake pasipo kuweka kumbukumbu ya maji, hujenga kwa kubahatisha.

MERIKEBU JUU YA MABEGA

Wakati huo habari za ziwa zilikwenda kwa mwendo wa kasia. Mapadri wa Kifaransa walifungua kituo Rumonge mwaka 1879. Mwezi wa Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja wakauawa huko. Kituo chochote kilichokuwa ufukoni kilikuwa peke yake, na msaada ulikuwa mbali kwa siku nyingi. Kwa hiyo haja ya chombo cha kudumu, chenye saa za kwenda na za kurudi, ilionekana na wote.

Hore alirudi Uingereza, na mwaka 1882 akaja tena na mashua ya chuma iitwayo Morning Star. Ilikuwa imefanywa vipande vipande, na vipande vikawekwa juu ya magari madogo. Safari hii ng'ombe hawakutumiwa. Magari yalivutwa na watu kutoka pwani hadi Ujiji. Mapema mwaka 1883 msafara ukafika, mashua ikaunganishwa, ikaingia majini. Kila aliyepata kupokea vipuri kutoka mbali aelewe maana ya jambo hilo. Kama bati moja lingalipotea mtoni, au mfuko mmoja wa misumari ya ribiti ungaliibwa njiani, mashua nzima ingalikuwa chuma chakavu, maana kiwanda kilikuwa upande wa pili wa dunia. Kulinda orodha ya vipande ilikuwa sawa na kuilinda mashua yenyewe.

Baada yake ikaja stima, Good News, yenye urefu wa futi kama 54. Hiyo haikupita Ujiji. Ilipelekwa kwa njia ya mto Zambezi na Ziwa Nyasa, kisha vipande vyake vikachukuliwa nchi kavu mpaka Liendwe, kusini ya Tanganyika. Alfred Swann, baharia msaidizi wa Hore, na mhandisi James Roxburgh waliiunganisha huko. Mwezi wa Machi 1885 bodi lilishushwa majini. Miezi michache baadaye Roxburgh alifariki. Stima ikaelea pasipo mvuke, maana aliyejua mitambo alikuwa kaburini, na sehemu za injini zilikuwa hazijakamilika. Alipokuja mhandisi mwingine, Alexander Carson, ndipo kazi ikaendelea, na mwaka 1887 stima ikatembea kwa nguvu zake yenyewe. Miaka miwili ilipita tangu bodi kushuka majini hadi injini kuwaka. Tulitafakari hilo: fundi mmoja alipokufa, merikebu nzima ilisimama, kwa kuwa hapakuwa na wa pili aliyefundishwa kazi yake.

Hapa haki yatutaka tuseme neno juu ya wale wasiotajwa. Vitabu vya zama hizo vimejaa majina ya wakubwa. Lakini Morning Star na Good News hazikuruka angani. Zilibebwa na mamia ya wapagazi wa pwani, wa Unyamwezi na wa nchi za Nyasa, juu ya vichwa na mabega, katika jua, matope na njaa. Wengine hawakurudi kwao. Mafundi wa ziwa walioshika nyundo na kamba pamoja na Hore nao hawakuandikiwa historia. Wala hatusahau kwamba njia waliyoifungua wamisheni ilifuatwa upesi na bendera za wakoloni. Tunajifunza kazi ya mtu huyu pasipo kuyafumbia macho hayo.

KISIWA CHA KAVALA

Mapema mwaka 1885 Hore alifika Ujiji pamoja na mkewe Annie na mtoto wao mdogo, Jack. Mama huyo aliisafiri njia nzima kutoka pwani akiwa amechukuliwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka 1886 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Familia ikakaa katika kisiwa cha Kavala, karibu na ufuko wa magharibi.

Kwa nini kisiwa? Nahodha aliona kwamba vyombo havina budi kuwa na nyumba. Chombo chataka maji matulivu yenye kina, mahali pa kukivuta nchi kavu ili tumbo lake litazamwe, ghala la kuwekea kamba, rangi, misumari na zana, na nyumba ya wafanyakazi karibu. Kavala ilimpa bandari ya kujificha na upepo. Huko akaweka kituo chake, akawa pia akiandika habari za hali ya hewa. Kupatengeneza mahali ilikuwa kwake sehemu ya kukitengeneza chombo.

Wapo wenzake walioona kwamba gharama na nguvu nyingi zinakwenda kwenye vyombo, hali kazi ya misheni ni kuhubiri. Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi. Idara ya matengenezo, mahali popote duniani, huonekana ni mlaji wa fedha. Ikifanya kazi vema, hakuna kinachoharibika, na watu huuliza inafanya nini. Ikiacha kufanya kazi, vitu huharibika, na watu huuliza ilikuwa wapi. Misheni ikaelekea zaidi nyanda za juu za kusini mwa ziwa, na Kavala ikapungua umuhimu. Mwaka 1888 Hore aliondoka Tanganyika. Mwaka 1892 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za miaka kumi na mmoja katika Afrika ya Kati. Baadaye alihudumu kama nahodha wa John Williams, stima ya chama chake katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, kisha akastaafu na kukaa Tasmania. Alifariki mwaka 1912.

URITHI WA VYOMBO

Na vyombo vyake je? Good News iliuzwa kwa kampuni ya biashara. Vita Kuu ilipofika ziwani mwaka 1914, stima hiyo haikuwa tena chombo cha kutumainiwa, bali gofu kusini ya ziwa, na mwezi wa Novemba mwaka huo Wajerumani wakaiangamiza. Chombo kilichogharimu fedha nyingi, miaka na roho za watu hakikutoa huduma hata kwa miaka thelathini kamili.

Tuweke kando yake chombo kingine cha ziwa hili hili. Mwaka 1915 Wajerumani walishusha majini Kigoma meli Graf von Götzen, iliyoletwa kwa vipande kutoka Papenburg na kuunganishwa chini ya fundi mkuu Anton Rüter. Mwezi wa Julai 1916, majeshi ya adui yalipokaribia, amri ilitoka meli izamishwe. Mafundi waliitii amri, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, waliikuta mitambo hiyo ingali yafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Imechukua wasafiri, dagaa, nafaka na saruji kwa vizazi. Mwaka 1997 ilitumiwa kuwarudisha makwao wakimbizi wa Kikongo, na mwezi wa Mei 2015 iliwatoa Warundi waliokuwa wamesongamana katika ufuko wa Kagunga, ambako kipindupindu kilikuwa kimezuka, ikawapeleka Kigoma.

Basi tuone uzito wa grisi ile. Mikono iliyoipaka mwaka 1916 haikujua habari za akina mama na watoto wa karne nyingine. Ilijua tu kwamba injini haiachwi hivi hivi, hata siku ya kushindwa vita. Kwa ajili ya mikono hiyo, baada ya karibu miaka mia moja, kulikuwa na meli ya kuwafuata watu waliokuwa hatarini.

MAFUNDISHO KWETU

Ndugu askari na ndugu polisi, maisha ya Nahodha Hore yatuachia mambo manne ambayo twaweza kuyatumia kabla jua halijatua.

La kwanza, gari au boti la umma ni amana. Aliyekabidhiwa asingoje fundi ndipo aangalie mafuta ya injini, maji, breki, matairi na taa. Kalafati ya Calabash ilifanywa ufukoni, si katikati ya mawimbi; na breki za gari literemkalo kutoka milimani kuja Kabezi hukaguliwa kabla ya mteremko.

La pili, karakana itangulie gari. Kikosi kinachopokea magari kumi pasipo ghala la vipuri, zana na mahali pa kuyatazama chini, kimepokea magofu kumi yanayosubiri siku yao. Mashirika ya usafiri wa umma, kama OTRACO hapa kwetu, hujua hesabu hiyo: basi lililosimama gerejini kwa kukosa kipuri kimoja halimsaidii abiria hata kidogo, ijapokuwa katika daftari lahesabiwa kuwa ni basi.

La tatu, ujuzi usikae kwa mtu mmoja. Roxburgh alikufa, stima ikanyamaza. Kila fundi mzuri awe na mwanafunzi, na kila tengenezo liandikwe katika daftari la gari, ili ajaye ajue lililofanywa na lililobakia.

La nne, na hili lawahusu wenye vyeo, mtunza vyombo asikilizwe. Fundi asemapo kwamba gari hili lisitoke leo, neno lake ni ulinzi kama ulivyo ulinzi wa askari wa lindo. Mkubwa anayempuuza kwa sababu ya haraka aweza kuokoa saa moja na kupoteza roho za watu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nahodha Hore aliziba nyufa kwa pamba na nyundo katika ziwa hili tulitazamalo kila asubuhi. Usiku mmoja simu italia katika kituo cha Kabezi, au cha Magara, au cha Rumonge: mtumbwi umepinduka, au mama mjamzito ataka kupelekwa hospitali, au mvua imeangusha kilima barabarani. Saa hiyo haitauliza gari lilinunuliwa kwa fedha ngapi, wala nani alilizindua. Itauliza jambo moja tu, kama injini itawaka. Na jibu la swali hilo hutolewa mchana wa siku zilizotangulia, na mtu aliyeinama chini ya boneti huku mikono yake ikiwa na grisi.